Uzi: Mtoto asiye na dini akae wapi wakati wa CRE?

Haya ndiyo niliyozungumza na vijana wenzangu hapa Lowarengak. Nayaweka hapa kwa sababu kampeni zikianza, swali hili huulizwa vibaya. Mtu anapanda jukwaani anasema, "Wanataka kumfukuza Mungu shuleni!" Makofi, mjadala umeisha. Mimi sijakutana na mzazi aliyeomba hivyo.

Dada yangu anaishi Lodwar. Hana dini na mwanawe anamlea vivyo hivyo: asiibe, asidanganye, amheshimu nyanya yake. Mtoto akiuliza mtu akifa anaenda wapi, anaambiwa, "Mimi sijui, watu wanaamini tofauti." Shule ya umma ikataka ajaze dini ya mtoto, maana masomo ya dini ni matatu: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. "Sasa tuandike gani?" mwalimu akauliza. Dada akaandika Mkristo, mtoto asije akakosa alama kwenye ripoti.

Yaani mzazi amedanganya ili mtoto asome. Na huyo mtoto anapenda sana hadithi ya Daudi na Goliathi! Dada hana neno na hadithi. Shida inaanza pale zoezi linapomtaka mtoto asali, tena apewe alama.

Katiba ya 2010 inasemaje? Utangulizi wake unamtaja Mwenyezi Mungu, na wanasiasa huishia hapo. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kufanya tendo lililo kinyume na imani yake. Hata Sheria ya Elimu ya 1968 ilimruhusu mzazi kuomba mtoto wake asihudhurie ibada na mafundisho ya dini. Kwa hivyo wazo hili si geni, ati limeletwa juzi na wazungu wa mitandaoni.

Msinielewe vibaya. Huku kwetu shule nyingi hazingekuwepo bila kanisa. Wamishonari wa Kikatoliki walikuja Turkana mwaka 1961, wakati wa njaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kiti kwenye bodi na kazi ya malezi ya kiroho, lakini inamtaka alinde pia imani za wengine. Hiyo nusu ya pili haisomwi jukwaani.

Na kabla ya 1961, je? Wazee wetu walimwomba Akuj na kumsikiliza emuron. Boma linaloendelea hivyo mpaka leo halina somo lake katika yale matatu. Kwa hivyo hili si jambo la dada yangu na wasomi wachache wa mjini. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 nchini waliosema hawana dini, na hao wa Akuj wako kando.

Kortini mambo huenda polepole. Kesi ya hijabu katika shule ya Isiolo ilifika Mahakama ya Upeo, na mwaka 2019 majaji wakairudishia bodi ya shule: kaeni na wazazi mtengeneze kanuni. Bodi, jamani. Ile ambayo mikutano yake hatuendi.

Mgombea akija hapa na lile la kumfukuza Mungu, msibishane naye. Muulizeni: kipindi cha CRE na cha PPI, mtoto ambaye mzazi wake ameomba asiwemo atakaa chumba gani, na mwalimu yupi, akisoma nini?