Mwanagenzi Alipwe: Kujifunza Ufundi wa Kuchomelea Vyuma Kazini

Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Bugene



Nasema nanyi hapa Bugene juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana si la wakulima wa kahawa. Jambo lenyewe ni ufundi wa kuchomelea vyuma, na hasa namna kijana anavyoweza kuupata ufundi huo akiwa kazini, huku akilipwa ujira. Shabaha yangu ni kuonyesha kwamba chama cha msingi kinao uwezo wa kulifanikisha jambo hili, na kwamba kisipolifanya, wanachama wake ndio wanaopata hasara.

Kwa nini jambo hili ni letu

Hebu tuitazame mali ya chama chochote cha msingi katika wilaya zetu mbili za Karagwe na Kyerwa. Milango ya ghala ni ya chuma. Nondo za madirisha ni za chuma. Mashine ya kukoboa, tela la kubebea magunia, mnara wa tangi la maji, fremu za vichanja vya kuanikia kahawa: vyote vimeungwa kwa moto wa umeme. Kiungo kimoja kikikatika katikati ya msimu, kazi husimama na kahawa ya mwanachama husubiri. Chama kikimtafuta fundi kwa haraka, hukubali bei yoyote atakayotajiwa, na mara nyingi hupewa kazi isiyodumu.

Upande wa pili tuwatazame vijana wetu. Kibanja alichorithi baba kutoka kwa babu hakiwezi kugawanywa kwa watoto watano kikabaki kibanja. Ni lazima baadhi yao wapate kazi nyingine, lakini kazi ambayo itawaacha karibu na nyumbani. Tangu barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene ijengwe, na umeme kusambaa vijijini, mahitaji ya mageti, madirisha na matengenezo ya mashine yamekuwa makubwa. Kazi ipo. Kinachopungua ni mafundi waliofundishwa sawasawa.

Wala mkoa wetu si mgeni kwa chuma. Uchunguzi wa mabaki ya kale uliofanywa katika nchi ya Buhaya katika miaka ya 1970 ulithibitisha kwamba watu wa huku waliyeyusha chuma tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hazina ya wafalme wa Karagwe kule Bweranyange ilikuwa na nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Ufundi huo haukupatikana darasani. Kijana aliupata mbele ya moto, akiifanya kazi yenyewe pamoja na waliomtangulia.

Njia mbili zilizozoeleka

Leo kijana anayetaka kuwa mchomeleaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kupelekwa na mzazi wake kwa fundi wa mtaani. Mzazi hulipa ada, pengine kwa kuuza mbuzi au fedha ya kahawa, na kijana hukaa karakanani bila malipo. Hufagia, hubeba vyuma, hutumwa dukani. Kwa kuwa hapana mkataba, hapana siku iliyowekwa ya kumkabidhi mashine. Wengi huacha kabla ya kujua kazi.

Ya pili ni chuo. Vyuo vya ufundi stadi ni vyema, na huko kijana hujifunza kusoma michoro, kupima na kuelewa asili ya vyuma. Lakini chuo kina nafasi chache, kina ada na gharama za malazi, na mara nyingi mwanafunzi hutoka akiwa hajazoea haraka na ugumu wa kazi ya mteja anayesubiri.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, inaitwa uanagenzi. Mwanagenzi si mtumishi wa bure wala si mwanafunzi wa darasani tu. Ni mfanyakazi anayejifunza kwa mkataba, katika karakana, kwa muda uliowekwa, naye hulipwa ujira unaopanda kadiri ujuzi wake unavyopanda. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa juu ya mafunzo ya namna hii, yanayochanganya kazi na masomo. Kwa hiyo hatubuni jambo jipya.

Kwa nini alipwe

Wapo watakaouliza: mtu anayejifunza alipwe kwa lipi? Nitajibu kwa sababu tatu.

Kwanza, wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Kijana asiyepata hata nauli na chakula cha mchana hawezi kukaa karakanani mwaka mzima. Atakwenda kuendesha bodaboda, na ufundi atauacha nusu.

Pili, fundi anayelipa hufundisha. Mwenye karakana akiwa na msaidizi wa bure hana haraka ya kumfundisha, maana kumtuma dukani hakumgharimu kitu. Lakini akimlipa kila mwisho wa wiki, atataka aone kazi, na ili aone kazi ni lazima amfundishe.

Tatu, malipo hufungua mlango kwa mtoto wa maskini. Ada humchagua mwenye mali. Ujira humruhusu mtoto wa mjane, na binti pia, aingie kwa uwezo wake. Binti hana upungufu wowote katika ufundi huu, kwa maana mchomo mzuri hutokana na mkono uliotulia na jicho lenye makini.

Hatua za kujifunza

Makatibu mnapaswa kuzijua hatua za ufundi huu, ili muweze kuuliza kama kijana wenu anafundishwa kweli.

Katika miezi ya kwanza mwanagenzi hujifunza kutaja na kupima vyuma, kukata kwa msumeno na kwa grenda, kusafisha kutu na rangi mahali pa kuunga, na kufunga waya wa ethi vizuri. Kisha hupewa vipande vya chuma chakavu na kijiti cha kuchomelea, ajifunze kuwasha moto bila kunasa na kuchora mstari mmoja ulionyooka. Hapa vijiti vingi huharibika, na haina budi iwe hivyo.

Baadaye hujifunza kuulinganisha umeme na kazi. Kijiti cha milimita 2.5 huhitaji kwa kawaida kati ya ampea 60 na 90, na kile cha milimita 3.2 kati ya ampea 90 na 130. Umeme ukiwa mdogo, chuma cha juu hukaa tu bila kushikana na cha chini. Ukiwa mkubwa, bomba jembamba hutoboka. Hujifunza pia kutunza vijiti pakavu, kwa sababu kijiti kilicholowa huacha matundu ndani ya mchomo.

Hatua inayofuata ni kuunga katika mikao mbalimbali: chuma kikiwa kimelala, kikiwa kimesimama, na mwisho kikiwa juu ya kichwa. Ni hapo tu mwanagenzi anapokabidhiwa geti la mteja kuanzia kipimo hadi rangi. Anayegonga ganda la mchomo na kukuta mstari sawa, usio na matundu wala kingo zilizoliwa, huyo ameanza kuwa fundi.

Mkataba

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe mbele ya mzazi, na nakala moja ihifadhiwe na katibu wa chama. Useme mambo yafuatayo: muda wa mafunzo, saa za kazi, hatua za ujuzi na mwezi ambao kila hatua itafikiwa, ujira wa kila hatua na siku ya kulipwa, nani anayenunua vifaa vya kinga, nani atakayelipa hospitali mwanagenzi akiumia, na namna ya kuamua ugomvi. Viwango vya ujira vilinganishwe na kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali, na pale mnapokuwa na shaka mwulizeni Afisa Kazi kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu umri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa katika mazingira ya hatari. Kuchomelea ni kazi ya hatari. Basi chama kisipeleke mtoto karakanani kwa kisingizio kwamba ameshindwa shule.

Mwenye karakana ana hofu yake, nayo ni ya haki. Husema, "Nikimfundisha na kumlipa, kesho atafungua karakana ng'ambo ya barabara." Jibu lake liwemo ndani ya mkataba. Mwanagenzi akubali kumaliza muda wake wote, na katika miezi ya mwisho, anapokuwa tayari anazalisha, ujira wake uwe bado chini kidogo ya ule wa fundi kamili. Hivyo mwenye karakana hurudishiwa hasara ya vijiti vya mwanzo.

Usalama

Ndugu wanachama, jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu yake huja baada ya saa kadhaa, usiku, kama mchanga ndani ya jicho. Miwani ya jua si kinga. Inatakiwa kinga ya uso yenye kioo cha giza kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Moshi nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kazi ifanyike mahali penye hewa, na bati au bomba lililopakwa zinki lisafishwe kwanza mahali pa kuunga, maana moshi wake huleta homa. Pipa lililowahi kutiwa petroli au dizeli lisichomelewe kamwe na mwanagenzi, hata likiwa tupu, kwa kuwa mvuke uliobaki hulipuka.

Cheti

Ujuzi usio na cheti humfungia mtu katika mtaa wake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, nalo huingia nchini kwetu kupitia wilaya ya Missenyi, jirani zetu. Katika kazi ya namna hiyo kila mchomeleaji hupimwa kwanza, na michomo yake hukaguliwa kwa vyombo. Fundi hodari asiye na karatasi hawezi kupita getini.

VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima pia mafundi waliojifunza kazini bila kupitia chuoni, na wanaofaulu hupewa cheti. Kwa hiyo mkataba uweke tangu mwanzo kwamba mwanagenzi atapelekwa kupimwa, na gharama ya kupimwa itoke wapi.

Chama kifanye nini

Kanuni ya tano ya ushirika, katika tamko la kimataifa la mwaka 1995, inahusu elimu, mafunzo na habari. Mara nyingi tumeitafsiri kanuni hii kuwa ni semina za viongozi. Mimi nasema mtoto wa mwanachama anayejifunza ufundi naye yumo humo.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, chama kinapotoa kazi ya milango, vichanja au matengenezo, kiweke sharti kwamba karakana itakayopewa kazi imchukue mwanagenzi mmoja kwa mkataba na kwa malipo. Fedha hiyo tungeitumia hata hivyo. Sasa itatupa mlango na fundi pia.

La pili, mkutano mkuu ukiridhia, chama kichangie mzigo wa miezi ya mwanzo. Tuchukue mfano tu: chama chenye wanachama 300, kila mmoja akitoa shilingi 2,000, kitapata shilingi 600,000. Nusu yake inaweza kusaidia ujira kwa miezi mitatu, shilingi 100,000 kila mwezi, na mwenye karakana ajazie kinachobaki. Nusu nyingine inunue kinga ya uso, glavu, buti na aproni ya ngozi, na ziada iwekwe kwa ajili ya kupimwa. Hesabu hizo ziandikwe katika vitabu vya chama kama hesabu nyingine zozote, zikaguliwe.

La tatu, uchaguzi wa kijana ufanywe hadharani. Sifa zitangazwe, majina yasomwe, na mtoto wa mwenyekiti asimame mstari mmoja na mtoto wa mwanachama mwenye miche ishirini ya kahawa. Mpango huu ukianza kwa upendeleo, wanachama watauacha mwaka ule ule, nao watakuwa na haki.

Ndugu makatibu, sikuja kuwaambia kwamba kila kijana awe mchomeleaji. Nimekuja kuwaomba mrudi vyamani mwenu na swali moja la kuweka katika ajenda ya mkutano ujao: kazi za chuma tunazolipia kila mwaka zinamfundisha nani? Ikiwa jibu ni kwamba hazimfundishi mtu, basi tunanunua nusu ya bidhaa kwa bei kamili.