Utafiti: Swali Lisidharauliwe, Jibu Lipimwe



Neno utafiti, linapotajwa mikutanoni na maofisini, huwafanya wengi wafikirie jumba la mbali lenye mitambo ya thamani, na ndani yake watu wachache waliovaa makoti meupe wakizungumza lugha isiyoeleweka. Kwa fikra hiyo mwalimu wa sekondari, karani wa wilaya, bwana samaki wa pwani na mkunga wa zahanati hujihesabu kuwa ni watazamaji tu. Fikra hiyo ni potofu, tena ina hasara kubwa. Utafiti umesimama juu ya nguzo mbili: swali linalotokana na jambo lililoonekana kwa macho, na kipimo kinacholikata shauri bila kujali cheo cha aliyeuliza. Nguzo hizo zikikosekana, hata jumba lenye mitambo yote halizai kitu.

Mifano mitatu yatosha kulithibitisha jambo hili: mmoja wa fizikia, mmoja wa uvuvi wa baharini, na mmoja wa afya ya mama anayejifungua.

SWALI LA MWANAFUNZI

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe katika jokofu. Siku moja nafasi ikawa finyu. Mwenzake mmoja aliweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba naye, kwa kuhofia kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu, maziwa yaliyoingia moto yalikuwa yamekwisha ganda, na yale mengine yalikuwa mazito tu.

Alipomwuliza mwalimu wake sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alikuta mjini Tanga kwamba wauza aiskrimu walikuwa wakiingiza mchanganyiko wao ungali moto ili ugande upesi. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile inayojulikana ulimwenguni. Tangu siku hiyo kauli ile ikawa mzaha darasani: kila alipokosea hesabu, aliambiwa kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kijana yule hakunyamaza. Alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, alichukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka katika jokofu na kungoja. Matokeo yalimtia nguvu. Ndipo Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba akasimama na kuuliza swali lake mbele ya wote, na wanafunzi wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka. Hakusema kwamba analijua jibu, wala hakusema kwamba jambo hilo ni uongo. Aliahidi kwenda kulijaribu. Aliporejea Dar es Salaam alilifanya, na mwaka 1969 wawili hao waliandika makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education. Hadi leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Yapo mambo mawili ambayo kila mwalimu afaa ayakumbuke katika kisa hiki. La kwanza, waliolikataa swali walikuwa na sheria iliyo sahihi vitabuni, lakini hawakupima. Fundi wa maabara huko Dar es Salaam, alipoona maji ya moto yameganda kwanza, alitaka jaribio lirudiwe mpaka lipatikane jibu analolitarajia. Hapo ndipo hatari ilipo: mtu anapolijua jibu kabla ya kupima, kipimo hugeuka pambo.

La pili, kulisikiliza swali si sawa na kulikubali bila uchunguzi. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapisha utafiti wao wakisema kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kuhusu maji yenyewe. Walionyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo kwaweza kumfanya mtu aone tofauti ambayo haipo. Kisha mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, walionyesha kwa chembe ndogo sana ya kioo iliyowekwa majini kwamba kitu cha moto chaweza kweli kutangulia kupoa katika hali maalumu. Basi ubishi haujaisha, lakini ni ubishi wa vipimo, wala si wa kejeli. Swali la kijana wa Lushoto limewashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya nusu karne. Je, ni maswali mangapi ya namna hiyo yaliyozimwa kwa kicheko, na hayakupata mgeni wa kuyabeba?

PWEZA NA MIZANI

Mfano wa pili hautoki maabara, bali unatoka kwenye miamba ya Bahari ya Hindi. Katika pwani ya Tanzania, Kenya na Madagaska, maji yakipwa wakati wa bamvua, watu hushuka kwa miguu kwenda kuchokoa pweza, na wengi wao ni wanawake. Uchumi wa nyumba nyingi za pwani umesimama juu ya saa hizo chache za maji kupwa. Malalamiko yakawa yale yale kila mahali: pweza wamekuwa wadogo, nao ni haba.

Pweza wa miamba hiyo, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, hukua haraka mno, na maisha yake ni mafupi, ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake, kisha hufa. Hivyo pweza anayechokolewa angali mdogo ni hasara mara mbili: hajafikia uzito wake, wala hajaacha kizazi. Hoja ikazuka: je, mwamba ukifungwa kwa miezi michache, mavuno yatazidi kiasi cha kufidia siku zilizopotea? Hoja hiyo haikuweza kukatwa kwa maneno. Mwanamke anayelisha watoto kwa pweza wa leo hawezi kuambiwa asubiri kwa ahadi tu.

Mwishoni mwa mwaka 2004, wanakijiji wa Andavadoaka, kusini magharibi ya Madagaska, wakishirikiana na watafiti, waliufunga mwamba mmoja kwa miezi 7. Vijiji vingine vikafuata. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2015, watafiti walichambua mifano 36 ya kufunga miamba katika muda wa miaka 8, wakalinganisha na sehemu ambazo hazikufungwa. Katika mwezi uliofuata baada ya kufunguliwa, pweza waliovuliwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na mavuno ya kila mvuvi kwa siku yaliongezeka kwa karibu asilimia 90. Katika sehemu zisizofungwa hapakuonekana ongezeko kubwa kama hilo.

Ulinganisho huo ndio uti wa mgongo wa jambo lenyewe. Bila ya sehemu zisizofungwa, mtu angeweza kusema kwamba ulikuwa msimu mzuri tu, na angekuwa na haki ya kusema hivyo. Ripoti hiyo haikuficha pia upande wa pili: katika mifano 36, ni 27 iliyoleta faida, na 9 haikuleta. Vijiji vilivyofanikiwa havikufunga bahari yote, bali kiasi cha sehemu moja ya tano ya eneo la uvuvi, ili watu wasikose kitoweo. Na ulinzi ni sharti, kwani mwamba ulioibwa usiku kabla ya siku ya kufunguliwa hauna cha kupimwa. Mafunzo hayo yalivuka bahari, na katika miaka ya 2010 wavuvi wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, nao wakaanza kufunga miamba yao kwa zamu. Walioamua walikuwa wavuvi wenyewe. Amri ya ofisini, iliyotolewa bila takwimu na bila mashauriano, isingeweza kufanya kazi hiyo.

DAMU ISIYOPIMWA

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa hapo kosa la kipimo hulipwa kwa uhai. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni sababu kubwa ya vifo vya akina mama duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao 70,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo, na walio wengi ni wa nchi maskini. Huko Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo, kila mmoja katika idadi iliyobaki ni mama wa watu.

Dawa za kuukaza mfuko wa uzazi zilikuwapo zamani. Maji ya kutia mshipani yalikuwapo. Dawa ya kusaidia damu igande ilikuwapo. Basi kilichokosekana kilikuwa nini? Kwa muda mrefu mkunga alikadiria damu kwa jicho, akitazama shuka na sakafu. Jicho hudanganya. Damu iliyonywewa na vitambaa huonekana kidogo, na mama huweza kupoteza nusu lita, kiwango cha hatari, hali chumba kizima kinadhani kwamba mambo ni shwari. Tena, hata hatari ilipotambuliwa, tiba zilitolewa moja baada ya nyingine, kila moja ikingojewa ishindwe ndipo ijayo ijaribiwe.

Utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na Shirika la Afya Duniani, ulilishughulikia jambo hilo katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Hospitali ziligawanywa kwa kura. Upande mmoja uliendelea na desturi yake. Upande wa pili ulipewa shuka la plastiki lenye mfuko wa kukingia damu, wenye mistari ya vipimo, na wauguzi wakafundishwa kwamba mstari wa hatari ukifikiwa, hatua zote zichukuliwe mara moja: kuukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa za kuukaza, dawa ya kusaidia damu igande, maji ya mshipani, na kuchunguza damu inatokea wapi.

Matokeo yalitangazwa Mei 2023, yakihusu akina mama zaidi ya 210,000. Katika hospitali zilizoendelea na desturi, ni asilimia 51 tu ya waliotokwa na damu nyingi waliotambuliwa. Katika zile zilizopima, ni asilimia 93. Akina mama waliopoteza damu kufikia lita 1 au zaidi, au waliopasuliwa tumbo au kufa kwa ajili ya damu hiyo, walikuwa asilimia 4.3 upande wa desturi, na asilimia 1.6 upande wa kipimo. Huo ni upungufu wa asilimia 60. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza kupima damu kwa njia hiyo.

Hapakugunduliwa dawa mpya. Kilichoongezwa ni mfuko wenye mistari, na utaratibu wa kutongoja. Mkunga kijana ambaye zamani angesema kwa woga kwamba damu hii yaonekana nyingi, kisha akanyamazishwa na mkubwa wake, sasa ana mstari wa kumwonyesha. Kipimo kimempa sauti aliyekuwa hana.

WAJIBU ULIOPO

Ndugu walimu, ni dhahiri kwamba mtafiti hapatikani siku ya kuhitimu chuo kikuu. Hutengenezwa, au huharibiwa, siku ile mtoto anaponyosha mkono na kusema kwamba ameona kitu kisicholingana na kitabu. Mwalimu halazimiki kujua jibu. Analazimika kusema: jaribu, pima, rudia, andika. Shule isiyo na maabara haikosi ndoo, uzi, saa, jua na mvua.

Ndugu watumishi wa umma, kila tarakimu inayoandikwa katika daftari la zahanati, la forodha ya samaki au la ofisi ya wilaya ni kipande cha utafiti. Anayejaza fomu kwa kubuni akiwa mezani, ili ripoti ipendeze au iwahi, haiibii karatasi. Anaweza kuwa amemnyima mkunga dawa, kwa kuwa mahitaji hayakuonekana, au amewafanya wavuvi wafungiwe mwamba usiofaa. Na mkubwa wa ofisi anayekasirikia tarakimu mbaya huwafundisha walio chini yake kumletea nzuri za uongo.

Tena matokeo ya utafiti yarudishwe kwa wenyewe. Mvuvi aliyehesabiwa pweza wake, na mama aliyekubali kupimwa damu yake, wana haki ya kuelezwa kilichopatikana kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ripoti inayoishia katika majarida ya kigeni imefika nusu ya njia. Kuikamilisha nusu iliyobaki ni kazi ya walimu na watumishi wa umma, kwa kuwa wao ndio wanaozijua lugha zote mbili, ya wataalamu na ya wananchi.

Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Yafaa kuongezwa kwamba asiyepima hana alijualo, hata akiwa na cheo. Mwanafunzi wa Magamba, wavuvi wa Andavadoaka na wakunga wa hospitali zile wametoa ushahidi wa kutosha. Kilichobaki ni kwa kila mwenye darasa na kila mwenye daftari kutimiza sehemu yake.