Jicho Lililopasuliwa Lisiachwe Peke Yake

 

Sisi wafanyabiashara twajua kwamba mali ikishauzwa kazi haijaisha. Mteja akirudi na swali, twawajibika kumsikiliza. Katika kuchangia upasuaji wa mtoto wa jicho tuliisahau kanuni hiyo. Tulilipia upasuaji, tukapiga picha, tukaondoka.

Bibi mmoja jirani yetu aliona vyema kwa mwaka mzima, kisha ukungu ukarejea. Aliamini kwamba mtoto wa jicho ameota tena, akaona haya kutuomba mara ya pili. Kumbe mtoto wa jicho haoti tena. Kilichopata ukungu ni utando ulio nyuma ya lenzi, nao hufunguliwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, bila kisu. Alikaa kizani miezi mingi kwa kukosa nauli na maelezo.

Tangu Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza London mwaka 1949, lenzi zimekuwa za aina nyingi. Iliyo ngumu huhitaji jeraha la milimita 6 hivi, hivyo jicho huchukua muda kutulia kabla ya kupimiwa miwani. Inayokunjwa hupita katika tundu lisilofika milimita 3. Iliyopimwa kwa kuona mbali hudai miwani ya kusomea. Ya masafa mengi huweza kuleta duara za mwanga kuzunguka taa usiku, na ubongo huhitaji muda wa kuizoea. Lakini zote hudai mambo yale yale: matone kwa majuma kadhaa, kutosugua jicho, na kutimiza miadi. Maumivu, wekundu au kupungua kwa nuru ya jicho ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kila mchango wa jicho moja ubebe pia nauli ya kutoka Mwika hadi KCMC na kurudi, kwa miadi yote, pamoja na bei ya miwani. Tena kila aliyepasuliwa aombe aandikiwe aina ya lenzi yake katika kadi, naye aitunze.

Seva tuliyorithi kwa wazazi wetu haiishii mlangoni pa chumba cha upasuaji. Bibi yule sasa anachagua mwenyewe maharage yake sokoni Mwika. Tusimwache mwingine angoje kama yeye.