Mpiga Filamu za Kweli na Mwenye Bidhaa

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, nanyi nyote mnaosikiliza huko Tabora, wekeni madaftari kando kwanza. Leo tutazungumza juu ya mtu anayetengeneza filamu za mambo ya kweli, na jinsi anavyofika kutengeneza filamu za matangazo ya biashara.

Tuanzie nyumbani. Zamani misafara ilipotoka pwani na kupita Ugogo hadi Unyanyembe, wapagazi walifika wamechoka, wamejaa vumbi. Lakini kabla ya kuingia mjini walivaa nguo zao nzuri kuliko zote. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera, ngoma zikapigwa, bunduki zikalia. Msafara ulikuwa ule ule, na merikani na shanga za mizigoni zilikuwa zile zile. Ila watu wa mji waliuona katika saa yake nzuri, si katika siku za kiu. Hilo lilikuwa tangazo.

Sasa fikirini mtu mwenye kamera anakuja Kwihara, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872, ili apige filamu ya njia ile. Anawasubiri wazee waseme kwa wakati wao. Anarudi mwaka wa pili. Fedha zinamwishia. Hapo anaitwa na mwenye kiwanda cha sabuni, anayetaka filamu ya nusu dakika. Kazi hii ni nyingine kabisa: maneno yameandikwa kabla kamera haijawashwa, mwenye bidhaa ndiye anayekubali au kukataa kila picha, na malipo ya siku chache yaweza kupita malipo ya miezi ya kazi ile ya kwanza. Kwa nini aitwe yeye? Kwa sababu amejifunza kumngoja mtu mpaka asahau kwamba anapigwa picha. Uso wa namna hiyo mnunuzi huuamini upesi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Errol Morris wa Marekani. Filamu yake ya mwaka 1988, The Thin Blue Line, ilisaidia kumtoa gerezani mtu aliyehukumiwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Alifunguliwa mwaka 1989. Mtengenezaji huyo huyo ametengeneza matangazo mengi ya biashara. Mwaka 2002 alitengeneza ya kompyuta za Apple, ambamo watu wa kawaida walieleza kwa nini waliacha kompyuta za aina nyingine. Jicho lilikuwa moja, lakini neno la mwisho halikuwa lake tena.

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na wenzake walianza kutengeneza filamu za mafunzo. Notcutt alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na aliona sinema ingeweza kuwatuliza wafanyakazi. (Hilo nalo tulikumbuke.) Filamu zao zilichukuliwa kwa gari na kuonyeshwa usiku mahali pengi. Moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: mfanyakazi mmoja anafukia mshahara wake chini, unaibwa, mwenzake anaweka wake posta, unakuwa salama. Je, hilo ni somo au tangazo? Mimi naona ni vyote viwili. Shauri lilikuwa jema, lakini filamu haikumwuliza mfanyakazi kama mshahara wake ulitosha kuwekwa akiba.

Wako pia wanaopita njia hiyo kwa kurudi. Judy Kibinge wa Nairobi alianza katika kampuni ya matangazo, akaiacha, akawa mwongozaji wa filamu. Mwaka 2015 alitoa Scarred, filamu ya mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984, ambamo walionusurika wanasema wenyewe. Tena alianzisha Docubox, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za kweli katika Afrika Mashariki, wasikwame kama yule wetu wa Kwihara.

Sasa chukueni madaftari. Kesho tazameni tangazo moja, la dukani au la televisheni. Andikeni mistari mitatu: ni nani aliyelilipia, linaonyesha saa gani ya msafara, na ni siku zipi za kiu ambazo halikuzionyesha. Mwalimu wenu atawasomesha kwa zamu.