Kura na Kiti: Kazi ya Siasa ya Jason Sendwe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanya kazi)



Kapita akikupimia kazi asubuhi kwa kamba moja, kisha jioni akaja na kamba nyingine, utamwambia nini? Utamwambia: Bwana, hatukupatana hivyo. Leo nitawaeleza habari za mtu aliyepimiwa kwa kamba mbili, ndugu yetu Jason Sendwe wa Katanga.

Alizaliwa mwaka 1917. Alisoma katika shule za misioni ya Wametodisti, akafundisha, halafu akawa mganga msaidizi. Watu walimjua kwanza kwa kazi ya dawa. Kwa hiyo alipokuwa mkubwa wa Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga, wengi walimfuata. Mwaka 1959 chama hicho kilishirikiana na Conakat, lakini kabla mwaka haujaisha walitengana. Sendwe alitaka Kongo moja. Wale wengine walitaka Katanga ijishikilie yenyewe.

Mwezi wa Mei 1960 tukapiga kura. Baraza la provinsi lilikuwa na viti 60. Conakat ilipata 25, na Balubakat na rafiki zake walipata karibu sawa na hivyo. Sheria ilisema: serkali ya provinsi haiwezi kuchaguliwa kama theluthi mbili za wajumbe hawako barazani, maana yake watu 40. Watu wa Balubakat wakatoka, baraza likapungukiwa. Basi katika Juni 1960, kabla ya uhuru kufika, bunge la Ubelgiji liligeuza sheria ile. Conakat, pamoja na wale waliojiunga nayo, ikaunda serkali peke yake, na Moïse Tshombe akawa Prezida wa provinsi.

Wandugu, tuseme kweli yote. Kutoka barazani kulikuwa silaha, lakini silaha hiyo ilimwachia mwenzao nyumba nzima. Hata hivyo, aliyegeuza kamba katikati ya kazi ndiye mwenye kosa kubwa zaidi. Serkali ya Lumumba ilimweka Sendwe kuwa mjumbe wake mkuu katika Katanga, lakini hakuweza kushika kazi hiyo. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Kaskazini kukawaka moto: askari wa Katanga kwa upande mmoja, vijana wa Balubakat kwa upande mwingine, na wanakijiji katikati. Damu ile haina chama.

Mwaka 1961 Sendwe akawa naibu wa Waziri Mkuu Adoula kule Léopoldville. Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Mwaka ule ule akapata kiti cha Prezida wa Katanga ya Kaskazini. Lakini kiti kilikuja wakati nyumba inabomoka. Mwanzoni mwa 1964 wajumbe walimtoa, kisha akarudishwa. Juni 1964 uasi ulifika Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie, na huko akauawa. Alikuwa na miaka kama 47 tu.

Tunajifunza nini? Si kwamba kura ni bure. Tunajifunza kwamba kura ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sheria inayohesabu kura hizo. Hata leo gavana wa provinsi huchaguliwa na wajumbe wa baraza, si na ninyi moja kwa moja. Basi mjumbe akija kambini kuomba kura, msimwulize tu ataleta nini. Mwulizeni: Utamchagua nani huko ndani? Na wakitaka kugeuza sheria katikati ya kazi, utasimama wapi?

Asiyejibu, mwacheni apite. Na anayejibu, shikeni neno lake, mkamwulize tena siku atakaporudi.