Ngiri Si Aibu

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa dakika chache nizungumzie upasuaji. Nimechagua ngiri, maana ni ugonjwa ambao sisi wanaume huuficha.

Ukuta wa tumbo ni misuli. Penye udhaifu, kama kinenani, kitovuni au kwenye kovu la operesheni, utumbo husukuma na kutokeza uvimbe. Mtu akikohoa hutoka, akilala hurudi, basi huuzoea. Lakini siku utumbo ukinaswa, damu haifiki na sehemu hiyo huanza kufa. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi, na mgonjwa akatapika, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Ngiri ya mtu mzima haiponi kwa dawa ya kunywa. Dawa yake ni kutengeneza ukuta. Katika miaka ya 1880 Edoardo Bassini wa Italia alionyesha namna ya kuushona. Miaka mia moja baadaye Irving Lichtenstein wa Los Angeles alieneza njia ya kutia kiraka cha wavu, ili nyama isivutwe kwa nyuzi.

Tangu miaka ya 1990 imeenea njia ya matundu. Daktari hutoboa matundu madogo, kwa kawaida matatu, hujaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi, huingiza kamera nyembamba, na hufanya kazi akitazama televisheni. Wavu huwekwa kwa ndani, hivyo msukumo ule ule uliotoa ngiri sasa huukandamiza wavu ukutani. Maumivu hupungua, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Ila njia hii yataka dawa ya usingizi, mitambo ya bei na daktari aliyeizoea.

Je, pasipo mitambo? Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Uganda. Wanaume 302 walipasuliwa kwa njia ya wazi. Baadhi walitiwa wavu wa kiwandani wa dola 125 hivi, wengine wavu wa chandarua uliouawa vijidudu, wa dola moja hivi. Baada ya mwaka, tofauti ya maana haikuonekana.

Vijana, hilo ndilo somo. Maarifa hayangoji utajiri, lakini daktari hawezi kutibu kilichofichwa chini ya shuka la bweni. Mwenye uvimbe na amwone nesi Jumatatu.