Pampu Inanguruma, Bomba Halitoi
Mazungumzo na wamiliki wa nyumba na wapangaji, Magomeni



Tumeombwa tuzungumze juu ya visima vya majumbani, na kwa nini maji huwa hayafiki bombani ingawa pampu ipo na umeme upo.

Kwa nini mji wenye mtandao wa DAWASA una visima vingi hivi? Wazee waliopo hapa wanaukumbuka ukame wa mwaka 1997, uliosukuma Serikali na watu binafsi kuchimba visima virefu kila pembe ya jiji. Vijana wanakumbuka zaidi mwishoni mwa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na maji yakaanza kutolewa kwa mgawo. Siku hizo aliyekuwa na kisima alikuwa na foleni ya ndoo mlangoni. Tatizo ni kwamba kisima hukumbukwa siku ya shida tu; siku nyingine zote pampu huachwa ijifanyie kazi yenyewe hadi iharibike.

Tuanze na nyumba moja ya wilaya yetu hii ya Kinondoni, ambayo hatutaitaja. Mama mwenye nyumba ana wapangaji sita. Kila alasiri aliwasha pampu, akajaza tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara, akazima. Alfajiri tangi lilikuwa nusu, mara nyingine robo. Fundi wa kwanza alisema pampu imechoka. Mama akakopa, akanunua pampu yenye nguvu zaidi. Tangi likajaa upesi kuliko zamani, na alfajiri likawa nusu vilevile. Hapo maneno yakaanza. Mpangaji mmoja, kijana anayefua nguo za watu, akashukiwa kuwa anachota maji usiku na kuyauza. Koki ya uani ikafungwa kwa kufuli. Maji yakaendelea kupungua. Kijana akaambiwa ana nakala ya ufunguo.

Sisi tulifika wakati ugomvi umekwisha kukomaa. Fundi tuliyefuatana naye hakugusa pampu. Aliuliza bomba linalotoka kisimani linaingia tangini kwa wapi, juu au chini. Likawa linaingia chini. Akamwomba mama ajaze tangi kama kawaida, kisha afunge koki iliyo kwenye bomba hilo, akalale. Asubuhi tangi lilikuwa limejaa pomoni.

Maana yake ni hii. Juu ya pampu iliyozama kisimani huwekwa vali ya kuzuia maji yasirudi. Vali ile ilikuwa imekwama wazi kwa mchanga. Pampu ikizimwa, maji ya tangini yalishuka kwa bomba lilelile yalilopandia, yakarudi kisimani, usiku kucha, bila mtu kuona hata tone. Mama alikuwa akinunua umeme wa LUKU kuyapandisha maji yaleyale kila siku. Vali ilibadilishwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya pampu. Yule kijana alikuwa amehama wiki iliyotangulia.

Basi kabla hujanunua pampu, na kabla hujamtuhumu mtu, fanya jaribio hilo la koki. Kama bomba lako halina koki pale chini ya tangi, weka. Na kama nyumba ni tulivu, inamisha sikio mdomoni mwa kisima baada ya kuzima: mlio wa maji yanayotiririka chini una maana kwamba vali ni mbovu, au bomba limetoboka huko ndani. Jambo jingine ambalo mafundi wachache hulisema: maji yanayorudi huizungusha pampu kinyume. Ukiiwasha wakati huohuo, unaweza kuvunja mhimili wake. Baada ya kuzima, subiri dakika chache.

Sasa tuje kwenye presha, malalamiko tunayoyapata kuliko yote. Hapa hesabu ni fupi. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya baa 1. Tangi ambalo kitako chake kiko mita 4 juu ya ardhi, na bomba la kuogea lililo mita 2, vimeachana kwa mita 2 tu; hiyo ni baa 0.2. Hakuna pampu ya kisimani itakayobadilisha jambo hilo, kwa sababu kazi yake huishia tangini. Ama uinue mnara, ama uweke pampu ndogo ya kusukuma baada ya tangi. Lakini kama presha ilikuwa nzuri na sasa imepungua, usipande mnarani kwanza. Fungua kichwa cha bomba la kuogea na kichujio cha koki. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvichumvi, na chumvi huganda humo kama ukoko wa chungu.

Wenye pampu za kujiwasha zenyewe, zilizo na tangi dogo la presha, wasikilize mlio. Pampu ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache mtu akiwa anasafisha kikombe tu, upepo ndani ya tangi umekwisha. Zima umeme, mwaga maji yote tangini, kisha upime upepo kwa geji ya tairi. Unatakiwa uwe chini kidogo ya kipimo cha kuwashia: pampu inayowaka kwenye 20 za geji ya tairi itiwe upepo wa 18. Kama kwenye kipira cha upepo yanatoka maji, utando wa ndani umepasuka, na upepo hautakaa.

Pampu inayonguruma bila kusukuma ni habari nyingine. Mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni kapasita iliyomo katika kisanduku cha kuwashia, kitu kidogo chenye umbo la kopo. Au umeme umeshuka: jioni, kila nyumba ikiwa imewasha vyombo vyake, volti zaweza kupungua mno chini ya 230, na pampu ikashindwa kuanza. Jaribu alfajiri. Ikiwaka alfajiri na kugoma saa moja jioni, usimlipe mtu akuvutie pampu juu. Kisanduku hicho, hata hivyo, usikifungue mwenyewe. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Na swichi ikijizima mara ya pili, iache hapohapo. Inakulinda.

Ikitema hewa na maji kwa zamu, kisima kinazidiwa. Zima kwa saa moja, washa tena, pima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30 mwanzoni, kisha baada ya robo saa ichukue dakika mbili, pampu inavuta kuliko maji yanavyoingia. Punguza koki ya kutolea, au ujaze tangi kwa awamu. Wengi hushauriwa washushe pampu chini zaidi. Tunasihi subira: karibu na mchanga wa chini, pampu huliwa upesi, na katika mwambao huu kuvuta kwa nguvu hukaribisha maji ya bahari. Maji yakianza kubadilika ladha, punguza uvutaji kwanza. Kibali cha kisima na ushauri wa kina chake ni kazi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu; msiione aibu kuwaendea.

Jambo moja tunalisema kwa ukali. Usiunganishe bomba la kisima na bomba la DAWASA moja kwa moja, wala usiweke pampu kuvuta kutoka bomba la mtaani. Presha ya mtaani ikishuka, maji ya kisima chako, kilicho jirani na mashimo ya vyoo ya viwanja hivi vidogo, yataingia kikombeni mwa jirani. Kila maji yawe na njia yake ya kuingia tangini, kwa juu.

Kwa fundi, dai risiti iliyoandikwa kina pampu ilipowekwa, nguvu yake na muda wa dhamana, na udai akuachie kifaa kibovu alichokitoa. Pampu ivutwe kwa kamba yake, kamwe isivutwe kwa waya wa umeme. Na mtu asiteremke kisimani kufuata kilichoanguka; hewa ya huko chini huua kimya.

Fundi wetu amekuja na vali mbili, nzima na iliyotoka kwenye nyumba ile. Zipitisheni mikononi, mzipulize, msikie tofauti, wakati tunapokea maswali.